Lori Lililotoka Kambini

Watu wa hoteli walipofika na gari la kuvutia magari mabovu, Mwanakheir Kificho alikuwa keshapanda ndani ya lori, kafunga milango yote miwili na funguo kazifundika kwenye pembe ya kanga. Nyuma yake, juu ya magunia makubwa, mapolo ya mwani mkavu, walikaa wanawake saba wa Bwejuu. Aliyewaongoza ni Bi Khamisa, mwenye miaka sitini na miwili, ambaye alikunja miguu na kutoa tambuu lake kama mtu aliyekuja kukaa kutwa nzima.

"Shuka, mwanangu," alisema Usi Pandu, ami yake Mwanakheir, mdogo wa marehemu baba yake. Alisimama mchangani na kofia yake safi, anatazama kila upande isipokuwa dirishani.

"Sishuki, Ami."

"Watu wametoka mbali. Wana shughuli zao."

"Na mie nna mapolo arobaini ya kupeleka bandarini Malindi. Nnazo zangu."

Wanaume wawili wa gari la kuvutia walitazamana. Mmoja alikuwa keshakunjua mnyororo. Bi Khamisa akamwita kutoka juu, akamuuliza mama yake anaitwa nani na kama anajua mwanawe anafanya kazi gani asubuhi yote hii. Yule kijana akaukunja mnyororo, polepole, akaurudisha garini.

Lori lenyewe lilikuwa la Kirusi, pua pana, magurudumu ya nyuma mawili mawili, refu kiasi kwamba mtu mfupi hupanda kwa kushika kioo. Kila mtu wa pwani ile alijua lilikuwa la jeshi kabla nusu ya kijiji haijazaliwa. Kila mtu alijua pia kwamba Kificho Pandu alilinunua mnadani, akalipeleka mjini likakatwa bodi la chuma na kutiwa bodi la mbao, na tangu hapo likabeba makumbi ya nazi, kamba, nazi zenyewe, mbao, maharusi na maiti. Likiitwa gari la Kificho. Mwanakheir, mtoto wake wa pekee, alifundishwa kuliendesha akiwa na miaka kumi na saba. Sasa alikuwa na arobaini na nne, na wanaume walishachoka kumshangaa.

Aliyetaka kulinunua ni Hamid, meneja wa hoteli mpya ya ufukweni. Alikuwa mtu mpole, na shati lake halikuwa na hata kunjo moja. Alisogea karibu na dirisha.

"Bi Mwanakheir, hatutaki kuliharibu. Tutalirudishia rangi yake ya kijeshi. Tutaliweka langoni, nyuma tutie viti na meza ya juisi. Wageni watapiga picha. Litaishi miaka mingine mia. Nyinyi mnaliua kwa chumvi."

"Litaishi vipi na haliendi popote?"

"Litatunzwa."

"Mie nnalitunza. Uliza lilizimika lini mara ya mwisho." Akapiga usukani kwa kiganja. "Limehangaika miaka arobaini lisahau mambo ya jeshi. Weye unataka kulivisha tena sare."

Wanawake wakacheka. Usi hakucheka. Akatoa mfukoni kadi ya gari iliyofungwa ndani ya nailoni, akainyanyua ili kila mtu aione. "Kadi hii ina jina la kaka yangu. Kaka kafariki, kaacha mke, kaacha mtoto mmoja mwanamke, kaniacha mie. Nna fungu langu katika lori hili, si la kuomba. Sheria ya Mungu. Nimenyamaza miaka kumi na mbili. Sasa nnataka liuzwe, tugawane."

Mwanakheir alijua ni kweli. Mama yake, Bi Bashira, alifariki miaka minne nyuma, na katika miaka yote ile hakuna aliyeitisha mirathi ya baba. Lori liliendelea tu kufanya kazi.

Sheha, kiongozi wa kijiji, alipoitwa alisikiliza pande zote mbili akiwa amesimama kivulini mwa lori lenyewe, kisha akasema hakuna wa kuliuza wala kulivuta mpaka Kadhi aseme. Kesi itasikilizwa baada ya wiki mbili. Mpaka siku hiyo lori lifanye kazi yake.

Hamid alikubali. Lakini kabla hajaondoka aliomba kuiona kadi, akaisoma, akakunja uso. "Hii namba iliyoandikwa hapa ni ya injini. Namba ya gari lenyewe, ile ya kwenye chasisi, haipo. Na injini hii si yake, nasikia. Wakubwa zangu watataka historia. Lilitoka kambi gani, mwaka gani, nani kalinunua."

Alisema vile kwa ajili ya wageni wake wa kupiga picha. Mwanakheir aliyachukua maneno yale kwa njia nyingine. Njia nzima ya kwenda mjini, huku mwani ukinuka nyuma na upepo ukiingia kwa dirisha lisilofunga, aliwaza jambo moja: kadi ya Ami Usi inaijua injini tu. Lori hailijui. Basi lori linajulikana na nani?

Baada ya kushusha mzigo Malindi hakurudi. Aliliegesha karibu na bandari, akamtafuta Mzee Borafya, aliyelitia lori lile bodi la mbao.

Borafya alikuwa fundi wa bodi na uchomeleaji zamani, karakana yake ilikuwa nyuma ya maghala. Siku hizi pale pamekuwa duka la simu, naye anakaa chumba cha juu na wajukuu, macho yamechoka kwa moto wa miaka. Aliposikia lori gani limekuja, alishuka ngazi kwa fimbo bila kusubiri kushikwa mkono, akatembea mpaka lilipo. Hakuzungumza. Alipapasa madigadi ya tairi la mbele, akapapasa mahali mbao zinapokutana na chuma, akabisha kwa vifundo vya vidole.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Bolti hizi nlizitia mie." Akabisha tena. "Hili lilikuja linavutwa kwa mnyororo. Injini halina, turubai limeoza, panya wamezaa kitini. Mama yako kakaa mbele anashika usukani."

"Baba yangu, unakusudia."

"Kwani mie nimekuwa mjinga? Mama yako. Bi Bashira wa Bwejuu, msokota kamba. Babaako nlimwona siku ya kulichukua, maana yeye ndiye aliyejua kuendesha. Mtu mzuri. Lakini lori alilileta mwanamke, na aliyenigombeza wiki sita ni mwanamke. Mie nnataka kutia viti vya abiria, yeye anasema makumbi kwanza, watu watakaa juu ya makumbi. Nnataka bodi la futi kumi na mbili, yeye anataka kumi na nne. Kaja na uzi kapima mwenyewe."

Mwanakheir alikaa juu ya ngazi ya lori. Alimwona mama yake kama alivyokuwa akimwona siku zote: kiti cha kushoto, mapajani kikapu, kimya. Safari mia, safari elfu. Watu wakisimamisha gari, wakimsalimu baba, wakimshukuru baba. Hata siku moja mama hakusema neno.

"Na kadi?" aliuliza. "Kadi ina jina la baba."

"Nlimuuliza. Akanambia karani wa usajili kamwona mwanamke na lori, kamuuliza mumeo nani, kaandika jina la mume. Mama yako kacheka. Akasema, waandike watakavyo, maadamu kamba zangu zitafika mjini."

"Ndo akanyamaza."

"Akanyamaza."

Mwanakheir alihisi hasira inampanda, na ilimchukua muda kujua imemlenga nani. Si karani, wala si Ami Usi. Alimkasirikia mama. Tangu ana miaka kumi na saba alikuwa akikaa upande wa kulia wa kiti kile, akifundishwa na baba gari la baba, na mwenye gari yuko shubiri mbili kutoka kwake, anabandua makumbi kwenye kucha.

"Mie sinyamazi," alisema.

"Basi usinambie mie, nenda kwenye chasisi," alisema Borafya. "Ule uti wa chini, upande wa kulia, nyuma ya gurudumu la mbele. Namba imepigwa kwa nyundo. Sikuigusa. Kwangu hakuna gari lililobadilishwa namba."

Aliazimwa msasa na brashi ya chuma. Akatandika polo tupu chini ya lori, akalala chali hapo hapo Malindi, wachukuzi wa bandarini wakipita na kuuliza kama amekufa. Rangi ya kwanza kutoka ilikuwa ya buluu, hii aliipaka mwenyewe. Chini yake nyekundu, ya mwaka lori lilipokuwa likibeba abiria wa Makunduchi. Kisha nyeupe, halafu kijivu. Kisha, ngumu kama jiwe, ikatoka kijani ya jeshi. Aliisugua ile kwa muda mrefu kuliko zote. Alipomaliza macho yamejaa unga na tarakimu sita zimesimama wazi kwenye chuma: 488173. Aliziandika kwenye kiganja, kisha kwa kutoliamini jasho lake, akaziandika tena kwenye simu.

Borafya alimtajia jina moja tu. Bi Zuleikha, aliyekuwa karani wa mnada wa magari yale ya jeshi, siku hizi amestaafu, anakaa Chukwani.

Nyumba ya Bi Zuleikha ilikuwa na ua wa mawe na mlango uliopakwa rangi karibuni. Alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele, kisha akasema, "Magari kumi na tisa. Orodha yake nliipiga chapa mie, moja moja, siku mbili nzima."

"Karatasi zipo wapi leo?"

"Zilichomwa. Ofisi ilipohama waliagiza vyote vya zamani vichomwe."

Mwanakheir alishusha mabega. Yule mama akaendelea kuchambua mchele, akatoa kijiwe, akakitupa.

"Nakala za kaboni ndizo nlizochukua mie," alisema. "Nyuma ni tupu. Watoto wangu walikuwa hawana daftari za kuchorea."

Zilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na vyeti vya shule na picha za harusi. Walizitandaza juu ya mkeka. Nyingi zilikuwa zimechanwa, nyingine zimemwagikiwa chai. Orodha ilikuwa ya kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulikuwepo, nyuma yake kuna kuku wa kalamu nyekundu. Wa tatu ulikuwepo. Wa nne vipande vipande. Ukurasa wa pili haukuonekana.

Mwanakheir alisoma ule wa kwanza na wa tatu mara mbili mbili, kidole juu ya kila mstari. Namba yake haikuwamo. Bi Zuleikha alinyanyuka, akaenda chumbani kwa mwanawe aliyeolewa Wete, akakaa humo mpaka adhana ya alasiri ikaanza kuadhiniwa. Akarudi na karatasi iliyokunjwa kama jahazi la kuchezea.

"Mwanangu wa mwisho," alisema. "Hakuwa akichora. Akikunja tu."

Waliikunjua juu ya meza, wakainyoosha kwa viganja. Herufi za kaboni zilikuwa za zambarau, zimefifia kwenye mikunjo. Mstari wa saba: *Lori, la mizigo, halina injini. Chasisi 488173. Mnunuzi: Bi Bashira Abdulwahid, Bwejuu. Malipo yamekamilika siku ya mnada.*

Mwanakheir alisoma jina la mama yake kwa sauti. Kisha akalisoma tena, kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza.

"Namkumbuka," alisema Bi Zuleikha. "Mwanamke pekee siku ile ukinitoa mie. Kasimama jua kali, kanga mbili, mkoba wa ukili. Wanaume wakamcheka. Mmoja akamuuliza, bibi, umekuja kununua kifaru? Akamjibu, kifaru kinakula mafuta mengi, mie nnataka lile pale. Lile lisilokuwa na injini, maana ndilo aliloliweza."

"Utakuja kuyasema haya kwa Kadhi?"

Bi Zuleikha alisita. Akaitazama karatasi. "Nliambiwa zichomwe, mwanangu. Hizi ni karatasi za serikali, zimekaa chini ya kitanda changu miaka thelathini."

"Nani atakuja kukukamata kwa taka?"

"Hujui watu." Aliikunja karatasi kwa mikunjo ile ile ya zamani, akaikunjua tena. "Basi na waje. Nlikaa kimya ofisini maisha yangu yote, nnaona majina ya wanawake yanaandikwa pembeni kwa penseli. Nipitie Jumatatu. Uje na lori lenyewe, nataka kulipanda."

Siku ya kesi walifika watu wengi kuliko viti. Usi alikaa mbele na kadi yake ndani ya nailoni. Mwanakheir alikaa upande wa pili, baina ya Mzee Borafya na Bi Zuleikha, na Bi Khamisa nyuma yake akipumua kwenye shingo. Kadhi alikuwa mtu wa maneno machache. Aliiangalia kadi. Aliiangalia nakala ya kaboni na picha ya chasisi iliyochapishwa kutoka kwenye simu. Alimsikiliza fundi, akamsikiliza karani.

Usi alipopewa nafasi alisimama. "Sheikh, sikatai kwamba shemeji alikwenda mnadani. Lakini zama zile mwanamke wa Bwejuu angepata wapi fedha za lori? Alitumwa na mumewe. Alisimama kwa niaba yake tu."

Mwanakheir alinyanyuka kabla hajaambiwa. "Mama yangu hakutumwa!"

"Kaa," alisema Kadhi. Akakaa.

Kadhi akamgeukia Usi. "Ulimwona kaka yako akitoa fedha hizo?"

"Ilijulikana, Sheikh."

"Sikuulizi kilichojulikana. Uliona?"

Usi aliitazama sakafu, Kadhi akaendelea.

"Uko tayari kuapa, mbele ya Mwenyezi Mungu, kwamba fedha zilikuwa za kaka yako na shemeji yako alikuwa mjumbe tu?"

Usi alivua kofia, jambo ambalo Mwanakheir hakuwahi kumwona akilifanya mbele za watu, akajifuta paji la uso. Alionekana mzee ghafla.

"Siapi," alisema.

"Kwa nini huapi?"

"Kwa sababu nlikuwepo." Sauti yake ilishuka, watu wakainama mbele kumsikia. "Nlikuwa na miaka ishirini na tatu. Siku zile kaka alikuwa mgonjwa wa mgongo, hafanyi kazi. Shemeji aliuza kamba za msimu mzima, akauza na bangili zake za harusi. Mie ndiye nlimsindikiza kwa sonara. Alinikataza nisimwambie mtu, asije akamwaibisha kaka."

Kadhi aliandika. Watu walianza kunong'ona, akawanyamazisha kwa jicho. Hukumu haikuchukua muda: lori lilikuwa mali ya Bi Bashira Abdulwahid, halikuingia katika mirathi ya mumewe. Bi Bashira alifariki baada ya mume, hakuwa na kaka wala dada, wala mrithi mwingine isipokuwa bintiye. Lori ni la Mwanakheir. Apeleke hukumu hii kwenye usajili, kadi iandikwe upya.

Bi Khamisa alipiga kigelegele ndani ya korti na akakaripiwa.

Nje, Hamid alipiga simu. Habari zilishamfikia. Alimpongeza, kisha akasema kwamba sasa lori lina historia nzuri zaidi, mwanamke kulinunua, wakubwa zake watalipenda mara mbili, wangeweza hata kuweka picha ya mama yake langoni.

"Hamid," alisema Mwanakheir, "likifa nitakuita. Bado halijafa." Akakata simu.

Lori lilikuwa limeegeshwa juani, limeshusha mwani wa wiki nzima asubuhi ile. Borafya aliagana nao pale, akakataa kusindikizwa. Bi Zuleikha alikuwa keshakaa mbele, kiti cha kushoto, mkoba mapajani, anasubiri kupelekwa Chukwani. Wanawake wakaanza kupanda nyuma, wakivutana mikono.

Usi alisimama pembeni ya barabara. Alikuwa amekuja mjini na watu wa hoteli, na watu wa hoteli walishaondoka. Mwanakheir alimwona kwenye kioo. Alikaa na mkono juu ya funguo kwa muda, bila kuwasha. Kisha akashuka, akamwendea.

"Kwa nini, Ami? Ulijua miaka yote."

"Paa langu linavuja," alisema Usi. "Na mie nshazeeka. Nlidhani hakuna anayekumbuka."

"Ungeniambia paa linavuja."

"Ningekwambia vipi? Weye unanitazama kama hivi unavyonitazama sasa."

Mwanakheir hakulainisha macho. "Nitaendelea kukutazama hivi mpaka nichoke. Na kila atakayeuliza lori la nani, nitamwambia, na wewe ukiwepo utasema ndiyo. Kwa sauti."

"Nitasema."

"Sema sasa."

Usi alitazama kulia na kushoto. Barabara ilikuwa na watu, muuza maji, madereva wa teksi, wanafunzi. "La Bashira," alisema.

"Hawajasikia."

"Lori la Bashira binti Abdulwahid!" Muuza maji aligeuka.

"Haya. Panda," alisema Mwanakheir.

Usi alielekea mlango wa mbele kwa mazoea.

"Nyuma, Ami. Mbele kumejaa."

Bi Khamisa alishamwinamia ubavuni mwa bodi na mkono umenyooshwa. "Njoo, bwana weye," alimwambia, "na ukae mbali na kanga yangu." Usi alikanyaga gurudumu, akashika ubao, akavutwa juu.